Kahawa Juu ya Daraja

Stillhouse, Kentucky
10 Septemba 1978

Kwako Shangazi Delphia,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama, ambaye anakwambia magoti yake bado ni yake ila hayamtii tena. Tumemaliza kutunga maharagwe kwenye uzi, sasa yamening'inia ukumbini yanakauka, na ukiingia bila kuinama yanakupiga usoni. Mama amekuwekea fungu lako. Anasema huko Ohio mnakula maharagwe ya kopo na ndiyo maana watu wa huko hawana raha.

Sasa lililonifanya nikae chini niandike. Mzee Hobart Eversole amestaafu, na bodi imenipa kiti chake. Ndiyo, Shangazi, mimi. Mkurugenzi wa shule zote za wilaya: shule sita, mabasi kumi na moja, na kila paa linalovuja. Miaka tisa nimekuwa msaidizi wa mzee yule nikimwandikia hotuba na kumtafutia miwani. Walipopiga kura walikuwa watatu kwa wawili. Mwenyekiti, Burl Whitaker, yule mwenye malori ya makaa ya mawe, alinipa mkono akasema, "Tunakujaribu mwaka mmoja, Retha. Mwezi wa tatu tutaangalia kama tuendelee na wewe." Hobart hakuwahi kujaribiwa. Alipewa miaka minne minne mpaka akachoka mwenyewe.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu laini yetu ya simu bado inashirikiwa na nyumba nne, na Gladys wa hapo juu anapumua kwa nguvu anaposikiliza.

Nitakwambia ninachoogopa, maana Mama nikimwambia hatalala. Siogopi hesabu wala walimu. Naogopa majira ya baridi. Unakumbuka kazi ya mkurugenzi hapa kwetu: alfajiri, kabla ya mabasi, anaendesha mwenyewe barabara mbaya kuliko zote, anaamua shule ifunguliwe au isifunguliwe, ndipo anawapigia madereva na redio. Hobart alinifundisha njia yake. Anasimama daraja la Stillhouse, anamwaga kahawa kidogo kwenye mbao, anasubiri. Ikibaki maji, twende. Ikishika ngozi ya barafu, rudi. Alifanya hivyo miaka ishirini na hakuna mtoto aliyeumia.

Sasa kahawa ni yangu. Nimeanza kuota ndoto za mabasi, na majani bado ni ya kijani.

Mpwa wako,
Retha


Ohio
2 Oktoba 1978

Mpendwa Retha,

Nimeipata barua yako na nimeisoma mara ya pili nimesimama. Mpe pole wifi yangu Ollie na magoti yake, mwambie maharagwe ya kopo hayajamuua mtu bado. Huku sote wazima. Mti wa jirani umeniangushia majani yake yote uani kwangu, nami nayarudisha kwake kwa reki akiwa kazini.

Hongera, mwanangu. Nakuandikia kwa mashine ya kuandikia ya ofisini kwa fahari, na kama mtu atauliza karatasi imekwenda wapi, nitamwambia.

Nisikilize. Mimi nimekuwa msaidizi wa wakurugenzi watatu hapa, na wote watatu niliwaonyesha choo kilipo. Ninachojua ni hiki: mwanamume akikosea, amekosea yeye. Wewe ukikosea, wamekosea wanawake wote, na kitakuwa kisa cha kuambiana kwa kinyozi kwa miaka thelathini. Kwa hiyo watu watakuambia usiwe mwoga. Watakuambia kwa kucheka, kwa kukupigapiga begani. Usisahau walichosema wenye akili: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wewe nenda na kicheko. Wakikucheka, shukuru, maana wanaocheka wako hai.

Na ununue buti za maana. Viatu vile ulivyovaa kwenye mazishi ya kaka yangu si vya kusimama darajani.

Shangazi yako,
Delphia


Stillhouse
4 Desemba 1978

Kwako Shangazi,

Samahani kwa ukimya. Mama alishikwa na kifua, sasa nafuu, amerudi kulalamika. Siku ya Shukrani tulikula kuku na madonge ya unga, na keki ya tabaka yenye matufaha makavu, akanituma nikuandikie kwamba tabaka zilikuwa nane, kwa sababu wewe eti ulikomea sita.

Nimefunga shule, Shangazi, na jua likawaka.

Ilikuwa Jumanne. Redio ilisema theluji nzito. Nilikuwa darajani kabla hakujapambazuka, upepo unanikata masikio. Nikamwaga kahawa. Ilikaa. Sikujua inafanya nini. Nikainama na tochi, nikaigusa kwa kidole, nikaona kama imeshika, nikaona kama haijashika. Nikawaza basi la dereva Orville lenye watoto arobaini likiwa juu ya mbao zile, na chini ule mto. Nikarudi nyumbani nikafunga shule zote sita.

Kufika saa nne asubuhi ilikuwa siku ya kuanika nguo.

Sasa ninaitwa Bi Theluji. Nikiingia dukani mtu anakunja kola. Kijana mmoja kwenye kituo cha mafuta aliniuliza kama apeleke watoto wake shule Ijumaa, kwa sababu ameona wingu. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kama ulivyoniagiza. Burl Whitaker hakucheka. Alinijia ofisini, akakaa bila kuvua kofia.

"Retha," akasema, "vijana wangu wa malori wakiamka wanakuta barafu kila siku, na wanaendesha."

"Malori yako yamebeba makaa, Burl."

"Na wewe umebeba kazi ambayo Hobart aliifanya miaka ishirini bila kutetemeka."

Nilitaka kumwambia kwamba Hobart alitetemeka. Mimi ndiye niliyekuwa nampokea ofisini asubuhi zile, nikamwona akishika kikombe kwa mikono miwili. Lakini mzee aliniheshimu, nami nikamfichia.

Tangu siku ile kila jioni nasikiliza hali ya hewa nimekaa ukingoni mwa kiti. Nikifunga bure mara nyingine, mwezi wa tatu sina kazi. Nisipofunga siku yenyewe, sitaki hata kuandika.

Mbona ile barua fupi ya salamu uliyomtumia Mama juzi uliiandika kwa penseli?

Retha


Ohio
20 Desemba 1978

Mpendwa Retha,

Krismasi njema kwako na kwa wifi. Tabaka zangu zilikuwa saba, na mwambie alikuwapo akala tatu. Nakutumia soksi za sufu. Huku baridi imekaza, lakini mimi ni mzima, kazi inaendelea kama kawaida, mashine ya ofisini imeharibika tu, ndiyo maana ya penseli.

Habari ya jua kuwaka: umefanya vyema. Hukujua kama kahawa ilishika, ukafunga. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Mtu anayetaka kujua hakika kwanza ndipo afunge, huyo anangojea basi lianguke limpe jibu.

Nitakuambia jambo moja zaidi kisha ninyamaze, na unisamehe kama litakuudhi.

(Hapa ndipo penye tundu. Nimeirudisha barua yako kwako, Shangazi, uone mwenyewe. — R.)

Basi ndivyo ninavyoona. Jifunike vizuri.

Delphia


Stillhouse
14 Januari 1979

Kwako Shangazi,

Heri ya mwaka mpya. Soksi zimefika, moja Mama ameshaiiba kwa ajili ya goti, eti lingine ni zima.

Nakurudishia barua yako ndani ya hii. Hilo tundu katikati ni la risasi. Usishtuke, nimekwambia usishtuke nami mwenyewe nimekaa jikoni nimefunga mapazia mchana. Jumamosi ya wiki iliyopita mtu alipita na gari akalipiga risasi sanduku letu la barua kule barabarani, na barua yako, iliyochelewa njiani, ilikuwa ndani. Risasi mbili. Huku vijana hupiga masanduku ya watu, unajua, wakilewa. Mama anasema ni vijana. Naibu wa sherifu anasema ni vijana. Lakini sanduku la Gladys liko hatua chache kutoka letu, na halina hata mkwaruzo.

Nilikuwa nimefunga shule siku mbili wiki ile. Safari hii theluji ilikuwapo, ila waliosema ilikuwa ndogo ni wengi.

Sasa nikitoka alfajiri kwenda darajani, nazima taa za gari nikipita kona ya kwanza, kisha naona ni ujinga, naziwasha tena. Nikisikia lori nyuma yangu nasogea pembeni mpaka lipite. Zamani niliogopa barabara peke yake. Sasa naogopa barabara na wanaopita.

Mistari minne imekwenda na risasi. Uliniandikia nini pale? Na kwa nini bahasha yako ina anwani nyingine? Hiyo si nyumba yako ya Mtaa wa Elm. Nilimuuliza Mama, akageuka kukoroga sufuria lililokuwa halina kitu.

Niambie, Shangazi. Nina hofu za kutosha, sihitaji na ya kubahatisha.

Retha


Ohio
29 Januari 1979

Mpendwa Retha,

Barua yenye tundu nimeipata. Nimeitia kidole. Mungu akulinde, mwanangu, na sifikirii ni vijana.

Pale palipotoboka nilikuwa nimekuandikia uache kazi. Nilikuandikia hivyo waziwazi, uandike kujiuzulu kabla hawajakuondoa, urudi kufundisha, ulale usingizi. Risasi imekwenda kupiga papo hapo. Mimi si mtu wa kuona ishara kila mahali, lakini nilipoliona tundu lile nilikasirika. Nilikasirika kwamba mimi na mtu mwenye bunduki tulikuwa tunakuambia neno moja. Kwa hiyo nalifuta. Sikulisema.

Na anwani. Basi, wifi Ollie anajua, nilimkataza asikuambie. Waliniondoa mwezi wa kumi. Hukuwa umemaliza miezi miwili kitini na mimi nimeshatoka kwangu. Mkurugenzi mpya aliletwa, kijana, mzuri tu, meno meupe. Akaniita akaniambia ofisi yangu inahitajika. Nikamuuliza mimi ninahitajika wapi. Akasema wananitafutia mahali. Mahali penyewe palikuwa chumba cha vitabu vya zamani, chini, bila dirisha, bila mashine ya kuandikia, na bila mtu wa kunipigia simu. Nilikaa humo wiki tatu nikapanga vitabu kwa rangi, kisha nikaandika barua ya kuacha. Nyumba nimeipangisha, nakaa na binti wa rafiki yangu. Sikosi chakula.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeanza. Nilijisemea, atafanyaje kazi kwa moyo akijua ya kwangu yamekwishaje? Nikakudanganya habari ya mashine. Ninaona sasa nilikuacha uogope peke yako, na mimi niko huku naogopa peke yangu, kila mtu na barua yake. Ujinga wa familia yetu huo.

Swali lako hujaniuliza lakini nitalijibu. Hapana, sikuondolewa kwa kosa. Sikufanya kosa hata moja kwa miaka kumi na saba, nilikuwa mwangalifu mno. Haikunisaidia. Kwa hiyo usiwe mwangalifu kwa ajili yao. Kuwa mwangalifu kwa ajili ya watoto, basi.

Delphia


Stillhouse
18 Februari 1979

Kwako Shangazi,

Nililia, nikakasirika, nikamkasirikia Mama, Mama akanikasirikia, tukala mkate wa mahindi na maharagwe bila kusemeshana, yakaisha. Chumba chako kipo. Godoro limeanikwa. Usijibu sasa.

Huku kila mtu ni mpira wa kikapu. Timu ya sekondari yetu imeshinda michezo yote isipokuwa miwili, na Denny, mtoto wa Burl, ndiye anayefunga. Ni kijana mpole, Shangazi, hafanani na baba yake. Akinipita kwenye korido ananiita "mama" kwa adabu. Tukishinda mchezo ujao tunaingia mashindano ya mkoa, jambo ambalo halijatokea tangu mimi msichana. Wanawake wameshona bendera. Mchungaji amehubiri Daudi na Goliathi Jumapili mbili mfululizo, na wote tunajua Goliathi ni shule ya upande wa pili wa Mlima Kettle.

Mchezo uko tarehe mbili Machi, huko kwao, ng'ambo ya mlima. Na hapa ndipo penye shida yangu. Kanuni ya wilaya yetu ni moja tangu enzi za Hobart: siku shule imefungwa kwa hali ya hewa, hakuna mchezo. Timu isiyotokea imeshindwa.

Burl alikuja jana. Safari hii alivua kofia, na hilo lilinitisha kuliko alipoivaa. Alileta nyama ya nguruwe iliyokaushwa, zawadi kutoka kwa mkewe.

"Bodi inakaa wiki mbili baada ya mchezo," akasema. "Mimi nina kura moja. Lakini nikisema, wawili wananisikia."

"Najua, Burl."

"Watoto hawa hawatapata nafasi nyingine. Wengine kutoka hapa wanaingia mgodini moja kwa moja. Wape siku moja ya kukumbuka."

Na ni kweli. Ndiyo inayonikosesha usingizi, kwamba ni kweli. Aliondoka, nikabaki naiangalia ile nyama juu ya meza kama itaniuma.

Naomba Mungu siku hiyo iwe kavu. Naomba kama mtoto, kwa kurudiarudia. Wewe ungefanyaje?

Retha


Ohio
25 Februari 1979

Retha mpendwa,

Asante kwa godoro. Sijibu.

Umeniuliza ningefanyaje. Sijui, na ningekuwa mwongo nikikwambia najua, maana mimi sikupewa kamwe kiti ambacho uamuzi unaishia. Sikuzote kulikuwa na mtu juu yangu wa kulaumu. Nilidhani nakionea wivu kile kiti. Leo nimeisoma barua yako nikamshukuru Mungu si mimi, halafu nikaona aibu.

Niandikie tarehe tatu, hata mstari mmoja. Hata ukiandika tu kwamba mmelala.

Delphia


Ohio
13 Machi 1979

Retha,

Tarehe tatu imepita na leo ni kumi na tatu. Salamu kwa wifi. Nimepiga simu kwenu mara mbili, anapokea Gladys, ananiambia hajui kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aumbwe.

Kanisani kwetu kuna watu wa kwenu wengi na kila mmoja ana habari yake. Mmoja ameniambia umefungwa. Mwingine ameniambia umemgonga Burl Whitaker kwa gari. Wa tatu, mwanamke mwenye kofia, alisema gari liliingia mtoni, nikamuuliza gari la nani, akasema hakusikia vizuri. Nimesimama pale kwenye ngazi za kanisa nikiwa nimemshika mkono mpaka mumewe akaja kumtoa.

Niandikie. Sijali umefanya nini. Sijali hata kama uliwaruhusu. Umenisikia? Hata kama uliwaruhusu, niandikie.

Shangazi yako


Stillhouse
26 Machi 1979

Kwako Shangazi,

Nisamehe, nisamehe. Mimi mzima, Mama mzima, watoto wote wazima. Hilo nimeliweka juu ili ukae ndipo usome. Nilianza barua hii mara nyingi, nikazichana kwa sababu sikutaka uone mwandiko wangu ulivyokuwa. Gari halikuingia mtoni. Ni langu, liko nje, na mlango umebonyea.

Tarehe mbili alfajiri ilikuwa inanyesha mvua nyembamba, ile inayoganda ikigusa kitu. Nilifika darajani nikamwaga kahawa. Sikuhitaji kuinama. Ilishika ngozi nikiwa naiangalia, ikawa kama kioo cha rangi ya udongo. Nikakaa garini nikalia kidogo, kisha nikarudi nikafunga shule. Nikapiga simu redioni, nikapiga simu kwa wale wa ng'ambo ya mlima kusema hatuji. Simu zikaanza kuingia, na maneno mengine siwezi kuyaandika mahali ambapo Mama anaweza kuyaona.

Mchana mvua ikakatika. Barabara ya mjini ilikuwa imemwagwa chumvi, ikawa nyeusi na mbichi tu, mtu anatembea na viatu vya kawaida. Watu wakasimama mlangoni mwa ofisi yangu wakinyoosha kidole chini. Burl akatangaza mbele ya duka kwamba shule imefungwa, sawa, basi hii si safari ya shule. Wazazi watawapeleka watoto wao wenyewe, kwa magari yao na basi dogo la kanisa, na nani atawazuia? Wale wa ng'ambo wakasema mkija tutacheza.

Nilikwenda kwa sherifu. Mpwa wake yuko kwenye timu. Akaniambia, "Retha, barabara ni ya umma." Nikamwambia aende akalione lile daraja. Akasema ameona barabara, ni nzuri. Ameiona ya mjini.

Na baridi ilikuwa inashuka, Shangazi. Niliihisi kwenye meno.

Sikupanga. Watu sasa wanasema nilipanga. Niliingia garini nikakusudia kwenda nyumbani, nikajikuta nimepita kwetu. Nilifika darajani kabla yao nikaligeuza gari nikaliweka mshazari pale mbao zinapoanza, nikaziba upana wote. Nikafunga milango, nikakaa juu ya mikono yangu. Nilijisemea heri nusu shari kuliko shari kamili, nikalisema kwa sauti, peke yangu, mpaka vioo vikaingia ukungu.

Wakaja. Lori dogo la Burl mbele na vijana watatu ndani pamoja na Denny, basi la kanisa nyuma, halafu magari mpaka yanapoishia kona, bendera zimetoka madirishani. Honi zote zikapigwa. Kuna mtu alirusha kitu kikagonga mlango.

Burl akasimamisha lori, akashuka. Akaja mpaka dirishani kwangu.

"Liondoe."

"Siwezi, Burl."

"Nitalisukuma kwa lori langu, uwe ndani au usiwe."

"Nenda kwanza ukakanyage mbao."

"Kazi huna tena, Retha. Umenielewa? Umekwisha."

"Nimekuelewa. Kakanyage."

Akafanya hivyo kwa hasira, ili anionyeshe. Akazunguka mbele ya gari langu akapanda darajani kwa hatua kubwa, mbele ya watu wote, amenyoosha mikono kama anayesema hebu tazameni. Akaanguka papo hapo. Nilisikia mkono ukivunjika nikiwa nimefunga vioo. Akajaribu kuinuka, akaanguka tena, na daraja lile lina mteremko kidogo upande wa mto, unalijua. Akaanza kuteleza. Mtu mzima mwenye kilo zake mia, anateleza polepole, anakwaruza mbao kwa kucha na hazishikiki, mpaka miguu yake ikapita chini ya ukingo ikawa inaning'inia juu ya maji. Akakwama kwa kiuno.

Denny akatoka mbio. Nikafungua dirisha nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga, "Denny, usikanyage daraja!" Akasimama. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshainuka. Sijui ningefanya nini kama asingesimama, Shangazi, na kila nikifumba macho namwona hasimami.

Orville akaleta kamba. Akalala kifudifudi, watu wakamshika miguu, wakamtupia Burl ile kamba wakamvuta kama gunia. Honi zilikuwa zimenyamaza. Wakageuza magari moja moja, nyuma nyuma, kwa sababu hapakuwa na nafasi. Nilibaki pale mpaka taa ya mwisho ikapotea, kisha sikuweza kuwasha gari, Orville akarudi kunichukua.

Utadhani walinishukuru. Kufika Jumapili habari ilikuwa imeshageuka: kama Retha asingeziba daraja, Burl asingeshuka garini, na kama asingeshuka asingevunjika mkono. Nimeambiwa hivyo na watu wenye akili timamu. Timu imehesabiwa kushindwa. Bendera zimekunjwa. Mwanamke mmoja alinishika mkono sokoni akaubana sana, akatazama huku na huku, akaenda zake. Mtoto wake yuko kwenye timu.

Bodi ilikaa tarehe kumi na sita. Burl alikuja na mkono kwenye plasta. Watatu kwa wawili, mkataba wangu unaisha Juni na hautaendelea. Sababu iliyosomwa ni kuziba barabara ya umma na kusababisha mjumbe wa bodi aumie. Burl alinyoosha ule mkono mzima. Hakunitazama, nami sikumlazimisha.

Basi nilidhani hofu itaniisha, maana nilichokuwa naogopa kupoteza nimekwisha kukipoteza. Haikuisha. Jana jioni redio ikataja theluji ya kuchelewa, nami nikakaa ukingoni mwa kiti vilevile. Mpaka Juni kahawa bado ni yangu. Leo nikatoka, nikaenda darajani, nikarudi. Nilikuwa bado sijavua buti, na sijampigia dereva hata mmoja, simu ikalia.

"Retha," akasema. Nilimjua kabla hajamaliza jina. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyesimama jikoni hataki mkewe asikie. "Ni mimi, Burl."

"Ndiyo, Burl."

Kisha akaniuliza, "Barabara ikoje? Denny anataka kutoka."

Nikamwambia ni mbaya.

"Haya," akasema. "Basi namzuia."

Mpwa wako,
Retha